Swali la Thelathini na Moja

Msimamizi aliigeuza kompyuta yake ili kila mtu akione kioo, kisha akamwita Namba Kumi na Saba aje mbele.

Wadadisi walikuwa ishirini na wawili, wamekaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa kukodi, kila mmoja na kitambulisho chenye namba kifuani. Kazi yao ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali hamsini na mawili yaliyomo ndani ya fomu ya simu, ili mradi ujue ni nyumba zipi zina mtu asiyeweza kuinuka mwenyewe, zipelekewe muuguzi mara mbili kwa wiki bila malipo. Hii ilikuwa wiki ya tatu. Namba Kumi na Saba, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, alisimama pembeni ya meza akiwa ameishika simu yake kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sahani iliyojaa.

"Tusomee hiyo safu ya mwisho," Msimamizi alisema.

Akasoma. Sifuri, sifuri, sifuri. Alipofika ya kumi akanyamaza, na Msimamizi akamwambia asichoke, ziko mia moja arobaini na nane. Akaendelea kusoma. Watu walianza kutazama miguu yao. Alipofika ya thelathini ndipo alipomkatiza.

"Nyumba mia moja arobaini na nane na hakuna hata mmoja aliyelala kitandani," Msimamizi aliwaambia wengine. "Nadhani sote tuhamie mtaa wa huyu mama. Huko kifo chenyewe kinapita kwa kubisha hodi."

Wakacheka. Wapo waliocheka kwa kuwa maneno yaliwachekesha, na wapo waliocheka kwa kuwa si wao waliosimama pale mbele.

Mwanamke yule akajikaza kisabuni akaeleza. Swali la thelathini na moja, lile linalouliza kama kuna mtu asiyeweza kuinuka bila kusaidiwa, halikuwahi kutokea kwenye simu yake. Akishajibu la thelathini, kuhusu maji ya kunywa, simu inaruka moja kwa moja hadi la arobaini na nne, kuhusu paa la nyumba. Aliliona jambo hilo siku ya pili ya kazi, akampigia Msimamizi, naye akamjibu kwamba aendelee, fomu inajua inachofanya. Kwa hiyo alichofanya yeye, kila alipomkuta mgonjwa, alimwandika mwishoni kabisa, kwenye nafasi ya maoni: mama mzee amevunjika nyonga, yuko kitandani, kijana hatembei tangu kuzaliwa. Wafungue maoni waone.

Msimamizi akamtazama mtu wa kompyuta, ambaye ukumbini walimwita Mtaalamu. Mtaalamu hakuinua macho. "Maoni si takwimu," alisema. "Safu hiyo hatuisomi."

"Na mimi hukunipigia," Msimamizi akaongeza kwa upole. "Labda ulimpigia mwingine."

Kosa la simu lilikuwa wazi kwa mtu yeyote aliyetaka kuliona. Mradi ulikuja na vishikwambi kumi na sita. Waliopewa namba za juu ya hapo waliambiwa watumie simu zao wenyewe, na ya Namba Kumi na Saba ilikuwa na umri wa miaka sita. Lakini hilo halikuzungumzwa. Kilichozungumzwa ni kwamba kuna wadadisi wanaokaa kivulini na kujijazia majibu kutoka kichwani, na kwamba wa aina hiyo hulipwa hewa. Zaidi ya zile mia moja arobaini na nane alikuwa na fomu sitini na moja ndani ya simu zilizogoma kutumwa tangu wiki iliyopita. Akapewa mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi. Fomu zije zimekamilika na zenye swali la thelathini na moja, ama ajihesabu si mwenzao.

Aliporudi kukaa, jirani yake alikuwa ameshasogeza kiti kidogo.

Nyumbani alikuwa na mume aliyelala.

Mtaani walimwita Fundi, kwa kuwa kwa miaka kumi na minane alikuwa na meza ya kutengeneza simu nje ya duka la vifaa vya umeme, na hakuna mtu katika njia zile ambaye simu yake haikupitia mikononi mwake. Mwaka uliopita kiharusi kilimpiga akiwa amekaa kwenye meza hiyohiyo, koleo mkononi. Upande wote wa kulia ukafa. Maneno yalirudi baada ya miezi, lakini yalirudi yamechoka, moja moja, kila moja likihitaji kusukumwa. Mkewe alikuwa akimgeuza, akimwosha, akimvisha, akimbeba kumpeleka chooni, kisha anaoga yeye na kwenda kuuliza watu wengine wana shida gani.

Hakutaka kumwambia yaliyompata ukumbini. Lakini Ijumaa nzima alikuwa akiishika simu na kuiweka, akiishika na kuiweka, na Jumamosi adhuhuri Fundi akanyoosha mkono wa kushoto.

"Lete."

"Ni mambo ya kazi tu, Baba. Pumzika."

"Lete simu."

Akampa. Na kwa kuwa alihitaji kumwambia mtu, akamwambia yote, hata kicheko, hata kiti kilichosogezwa. Fundi hakumpa pole. Alikuwa tayari ameikunja shuka, ameiweka juu ya tumbo, ameiegemeza simu hapo ili isiteleze, na kidole gumba cha kushoto kinatembea juu ya kioo. Akaomba karatasi za semina, zile zilizochapwa maswali yote kwa namba. Mkewe akakaa kando ya kitanda akamsomea karatasi, yeye akafungua fomu ya majaribio, wakaenda pamoja swali kwa swali. La ishirini na tisa lipo. La thelathini lipo. Kisha paa la nyumba.

Alirudia mara nne. Mara ya tano akaacha fomu, akaingia kwenye mipangilio ya programu, akashuka hadi chini kabisa kwenye maandishi madogo ambayo watu hawayasomi, akamwita mkewe atazame.

Programu ilikuwa toleo la miaka mitatu iliyopita. Fomu iliandikwa mwaka huu, kwa toleo jipya. Maswali kuanzia la thelathini na moja hadi la arobaini na tatu yalikuwa yamefungwa pamoja kwa namna ambayo programu ya zamani haikuwahi kufundishwa.

"Haisemi haijaelewa," Fundi alisema. Alipumzika kidogo ili asukume yaliyobaki. "Inaona aibu. Inaruka."

Mkewe akauliza kwa nini basi isipewe toleo jipya, wakamaliza. Fundi akafumba macho. Simu ile aliifufua mwenyewe, ilikuwa imetupwa na mteja, na ili iweze kuwaka aliiwekea mfumo wa zamani, mwepesi. Toleo jipya la programu halikai juu ya mfumo huo. Kwa hiyo tatizo, ukilifuata hadi mwisho wake, lilikuwa limetoka mkononi mwake, na alibaki amefumba macho mpaka mkewe akadhani amelala.

Hakuwa amelala. Kesho yake mchana alikuwa amekwisha kulipata toleo la katikati, la zamani kiasi cha kukubaliwa na simu na jipya kiasi cha kuielewa fomu. Lakini alimkataza mkewe asiguse kitu. Ukiifuta programu ya zamani, alisema, inaondoka na fomu zako zote ambazo hazijatumwa. Kwanza folda ya fomu inakiliwa kwenye memori kadi. Kisha kadi inatolewa. Kisha ndipo unafuta, unaweka toleo la katikati, unarudisha kadi na folda yake. Akamfanya aandike hatua zote tano kwenye karatasi, kwa maneno yake mwenyewe, hadi yale aliyokuwa akiwaambia wateja wake: taratibu, usiikimbize simu.

Fomu sitini na moja zilifunguka zote, na katika kila moja, kati ya maji na paa, maswali yaliyokosekana yalikuwa yamekaa kwenye mstari yakisubiri majibu. Mwanamke akayajaza kutoka kwenye maoni aliyokuwa ameyaandika mwenyewe. Fundi alimtazama jioni nzima. Kisha akaomba anyolewe ndevu.

Jumatatu alifika nusu saa kabla. Hakusubiri kuitwa. Aliweka mezani simu, memori kadi na ile karatasi, akaeleza yaliyokuwa yakitokea ndani ya programu kama alivyoelezwa, bila kukwama.

Msimamizi akaisoma karatasi. Akaisoma tena. Akampa Mtaalamu, naye akachukua simu ya Namba Ishirini, ambayo nayo ilikuwa kuukuu, akafuata hatua zote tano kama zilivyoandikwa. Swali la thelathini na moja likatokea. Kumbe wote sita waliokuja na simu zao walikuwa wakiliruka, ila wenzake watano, walipoliona halipo, waliliacha na wasiseme neno, na kwa kuwa waligawana mitaa na wenye vishikwambi, sifuri zao zilichanganyika na majibu ya hao, hazikuonekana. Mwanamke akavuta kiti akae. Alijiona ameshavuka.

"Kazi safi," Msimamizi alisema. "Umeyajulia wapi haya?"

Hapo angeweza kusema lolote. Angeweza kusema amesoma mtandaoni. Lakini kwa mwaka mzima hakuwa amepata nafasi ya kumsifu mumewe mbele ya watu.

"Ni mume wangu. Ni fundi wa simu. Yuko kitandani, lakini kichwa chake ni kilekile. Ameshinda nayo siku mbili."

"Siku mbili," Msimamizi alisema. "Na hizo fomu za watu zikiwa ndani?"

"Zote. Ameziokoa zote sitini na moja."

Msimamizi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia alichokuwa akikitafuta. Akafungua faili, akatoa karatasi, akaiweka mbele yake. Ilikuwa kiapo cha kutunza siri, walichosaini siku ya kwanza, na sahihi ilikuwa yake. Akamtaka asome kwa sauti. Alisoma kwamba yeye aliyetajwa hapo juu hatamwonyesha mtu yeyote asiyeapishwa, awe ndugu, jirani au mwenza wa ndoa, taarifa za kaya yoyote.

Akaeleza kwamba Fundi hakusoma majina ya watu, alikuwa akitengeneza simu tu. Akaeleza kwamba hata mkono wake hauwezi kuandika. Msimamizi akasema hayo ni ya mahakamani, na bahati yake ni kwamba ofisi haina haja ya kumfikisha huko. Sauti yake haikupanda. Alisema taarifa zimechafuka, za mtaa mzima, zilizotumwa na zisizotumwa, kwa hiyo zitafutwa na mtaa utarudiwa na mtu mwingine wakati utakapopatikana. Mtaalamu akaifuta programu na kila kilichokuwa ndani yake. Kisha akachukua mkasi wa karani na kuikata memori kadi vipande viwili. Ndani ya kadi ile mlikuwa pia na picha za familia za miaka sita, lakini hakuna aliyeuliza.

Malipo hakuyapata. Kitambulisho alikivua mwenyewe shingoni, kamba ikamnasa kwenye kilemba, na wote ishirini na mmoja wakasubiri mpaka alipojinasua.

Karatasi ya hatua tano ilibaki mezani. Hakufika hata kwenye barabara ya lami simu ikalia. Lilikuwa kundi la wadadisi, ujumbe wa Msimamizi: Ndugu wadadisi, baada ya uchunguzi wangu wa mwisho wa wiki nimegundua chanzo cha tatizo la fomu, tafadhali fuateni hatua zifuatazo. Hatua zilikuwa tano. Neno kwa neno, hadi lile la taratibu, usiikimbize simu. Chini yake watu walikuwa wameanza kumpongeza, mmoja baada ya mwingine, kwa vipicha vya mikono ikipiga makofi. Alikuwa bado anasoma pongezi ya Namba Ishirini wakati maandishi ya kijivu yalipotokea kumwambia ameondolewa kwenye kundi.

Fundi alimsikia mlangoni kabla hajamwona.

"Wamekubali?"

Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, ndevu zimenyolewa, shati lile la bluu. Mkewe alivua viatu taratibu ili apate muda.

"Wamekubali," alisema. "Wamefurahi sana."

"Wamesema nini?"

Akamwambia wamesema kazi safi, jambo ambalo halikuwa uongo. Kisha akaendelea, kwa kuwa uso wa mumewe ulikuwa ukidai zaidi: kwamba wamesoma karatasi yake mbele ya watu wote, kwamba Mtaalamu mwenyewe amekuna kichwa, kwamba wamemtumia shukrani. Fundi alicheka kile kicheko chake cha upande mmoja. Akataka kujua kama walimtaja kwa jina. Akasema ndiyo, kwa jina.

Kuhusu kazi alimwambia imemalizika tu, kama kazi za mikataba zinavyomalizika, na malipo yatakuja. Kuanzia siku hiyo aliondoka kila asubuhi kwenda kufua nguo za watu upande wa pili wa mji, mikono ikarudi imechubuka, naye akasema amepata ofisi ya kusafisha, ni sabuni yake. Na Fundi alibadilika. Alianza kula bila kubembelezwa. Akiletewa simu mbovu na jirani alitaka awekewe shuka tumboni, akaelekeza kwa kidole gumba, na mwenye simu akafungua parafujo mwenyewe. Kila aliyeingia alisimuliwa habari za swali lililokuwa likirukwa. Ilichukua robo saa kuisimulia, maneno yakisukumwa moja moja, na mkewe alikuwa akitoka nje kila ilipoanza.

Orodha ya nyumba zitakazopata muuguzi ilibandikwa mwishoni mwa mwezi. Mtaa wao haukuwemo. Aliyekuja mlangoni alikuwa Mshonaji, mwanamke wa nyumba ya tatu, ambaye mama yake ndiye yule mzee wa nyonga iliyovunjika. Hakuingia. Alisimama kizingitini na futi yake ya kupimia nguo shingoni.

"Nilikupa kiti," alisema. "Ukakaa kwangu saa nzima. Ukamfunua mama yangu ukaona vidonda vyake. Uliandika nini, Mama Maswali?"

Hilo ndilo jina walilokuwa wamempa mtaani, kwa utani, alipoanza kupita na simu yake. Akajibu kwamba aliandika. Mshonaji akamwuliza kama aliandika mbona hayupo. Fundi alikuwa anasikia yote kutoka kitandani, kwa hiyo mkewe akasema tu kwamba orodha nyingine inakuja. Mshonaji akatema mate, si kwake, pembeni, na kuondoka.

Mtaa ulirudiwa baada ya majuma tisa. Wakati huo mama yake Mshonaji alikuwa ameshazikwa. Mdadisi mpya alipofika nyumba ya tatu na kuuliza swali la thelathini na moja, jibu la sifuri lilikuwa la kweli.

Mdadisi huyo alikuwa mwanamke mpole wa makamo, mwenye miwani, mgeni kabisa mtaani, na kishikwambi chake kilikuwa kipya. Kwao alifika Jumanne asubuhi. Alikaribishwa kwenye kigoda kando ya kitanda, akauliza idadi ya watu, akauliza maji. Mke alikuwa amesimama nyuma yake na aliliona swali likitokea kwenye kioo, safi, kwa herufi nyeusi, mahali pake.

"Je, katika kaya hii kuna mtu asiyeweza kuinuka bila kusaidiwa?"

"Hakuna," Fundi alisema.

Mdadisi akamtazama, akatazama mito, akatazama beseni chini ya kitanda.

"Hakuna mgonjwa hapa," Fundi akarudia. "Hapa kuna fundi. Hiyo fomu... mimi nimeitengeneza."

Akaanza kusimulia. Mdadisi alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, mikono magotini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na mzee wake, kwamba aliyelitatua jambo hilo ni Msimamizi wao, alipewa hata cheti makao makuu, na amepandishwa, sasa anasimamia mradi mzima. Fundi akatikisa kichwa. Walinishukuru, alisema. Kwa jina. Walisoma mbele ya watu. Akainua mkono wa kushoto kumwelekeza mkewe.

"Mwulize huyu. Alikuwepo."

Mkewe alikuwa akilitazama beseni. Nyumbani mlikuwa na sabuni ya kufulia nguo za watu wengine na unga wa siku mbili. Mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa kumbeba.

"Andika yupo," alimwambia mdadisi. "Mtu asiyeweza kuinuka yupo."

Na sasa maswali yakafunguka, moja likivuta jingine, yote kumi na matatu ambayo mumewe aliyatoa gizani kwa kidole kimoja. Mdadisi aliyauliza kwa mke, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa. Anaweza kula mwenyewe? Hapana. Anaweza kugeuka kitandani? Hapana. Anaweza kuvaa? Anaweza kujisafisha baada ya haja? Alijibu yote, upesi, akiwa ameukazia macho ukuta, na Fundi alikuwa akisikiliza maisha yake yakihesabiwa juu ya kichwa chake na watu wawili walio wima. Mara moja alijaribu kusema kwamba anakula mwenyewe vitu vikavu. Hakuna aliyeandika.

Kufika swali la arobaini na tatu mdadisi akasita, akamsogelea mke, akanong'ona. Alikuwa mtu mwema na alitaka kusaidia. Wanaopita, alisema, ni wenye alama tano. Kwa hesabu ya kishikwambi wamefikisha nne, na hili ndilo swali la mwisho lenye alama. Kisha akaliuliza kwa sauti ya kawaida.

"Je, mgonjwa huchanganyikiwa, au kusema mambo ambayo hayakutokea?"

Fundi aligeuza uso kwa mkewe. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na subira tu, kama mtu anayesubiri shahidi wake aseme.

Angeweza kusema hapana, lile jambo lilitokea, ni yeye kweli. Na kama ni yeye, zile shukrani za ukumbini zilikuwa uongo wa nani? Na alama zingebaki nne.

"Ndiyo," alisema. "Huchanganyikiwa."

Mdadisi akagusa kioo. Akampa pole, akauliza habari za paa.

Muuguzi alianza kuja baada ya mwezi, Jumatatu na Alhamisi, mwanamume mwenye mikono yenye nguvu aliyejua kumgeuza mtu bila kumwumiza. Alileta mashuka ya mpira na dawa ya vidonda. Mgongo wa mke ukapata nafuu, akaongeza nyumba mbili za kufulia. Majirani waliokuwa na simu mbovu hawakuja tena, maana mwenye simu ya mwisho aliyekuja alimkuta Fundi ameelekea ukutani, akasubiri, akaondoka nayo.

Siku ya kwanza muuguzi alisoma karatasi yenye majibu ya fomu yao, akainama, akamsemesha Fundi kwa sauti kubwa na polepole, akitenga kila silabi kama anayemfundisha mtoto. Mimi ni nani? Leo ni siku gani? Fundi akamtazama. Jicho la kushoto, lile lililo hai, lilimtazama vizuri sana, kisha likahamia kwa mkewe aliyekuwa mlangoni, likabaki pale. Muuguzi akauliza mara ya pili, akaandika kitu, akanyooka.

"Huyu huwa anazungumza?" alimwuliza mke.

"Alikuwa akizungumza," alisema.